Kidonge cha Bure na Uji Usio na Mfadhili

Siku ya kumeza kingatiba ya kichocho katika shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria huanza na fimbo. Wakati mwingine ni ubao mwembamba, wakati mwingine ni karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani, yenye mistari na tarakimu. Mwanafunzi anavua viatu, kama anavyo, anasimama wima, na mwalimu wa afya anaangalia utosi umefika mstari gani. Kuanzia sentimita 94 ni kidonge kimoja. Kuanzia 110 kimoja na nusu, 125 viwili, 138 viwili na nusu, na hivyo hivyo mpaka mtu wa sentimita 178 anayemeza vitano. Mizani haihitajiki. Dozi ya prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na waliobuni fimbo hiyo waligundua kwamba urefu wa mtoto unaukaribia uzito wake vya kutosha, tena fimbo haina springi ya kuharibika.

Chini ya sentimita 94 fimbo haina jibu. Nitalirudia hilo.

Kidonge chenyewe ni cheupe, kikubwa, miligramu 600, na ni kichungu haswa. Kikianza kuyeyuka mdomoni kabla maji hayajafika, mtoto anakitema. Nusu ndiyo mbaya zaidi, maana imeshavunjwa na uchungu umejitokeza nje. Ndiyo maana mwalimu mzoefu huanza na wadogo, kabla hawajawaona wakubwa wao wakikunja nyuso.

Halmashauri haikukinunua kidonge hicho, wala wizara. Kimetolewa bure na kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, kupitia Shirika la Afya Duniani. Kati ya misaada yote ambayo kampuni zimewahi kuwapa watoto wa shule wa Afrika, huu ni mmoja wa mikubwa na uliodumu muda mrefu, na nadhani ni mmoja wa iliyofikiriwa vizuri. Ndiyo sababu nauchagua. Msaada mbovu hauna mengi ya kufundisha. Mzuri ndio unaoonyesha mpaka wa msaada uko wapi.

Kwanza tuitenganishe kampuni hii na jina lake. Kuna Merck mbili. Ya kwanza ilianza kama duka la dawa la familia moja mjini Darmstadt mwaka 1668. Tawi lake la Marekani lilitengwa nayo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na tangu hapo ni kampuni mbili zisizohusiana. Hiyo ya Marekani, ambayo nje ya kwao hujiita MSD, ndiyo inayotoa bure ivamektini ya kutibu usubi tangu 1987. Na kwa msomaji wa Tanzania aliyekwisha kuchanganyikiwa: Bohari ya Dawa, ambayo wengi tunaiita MSD, haina udugu na yeyote kati yao.

Prazikwanteli ilivumbuliwa miaka ya 1970 na Merck ya Darmstadt ikishirikiana na Bayer. Kabla yake, kutibu kichocho kulikuwa kazi ngumu: dawa zilikuwa kali, nyingine za sindano za mfululizo, na mgonjwa aliweza kuumizwa na tiba kuliko ugonjwa. Prazikwanteli ikaja kama dozi ya siku moja inayoua minyoo mikubwa ya kichocho ya aina zote tunazozijua huku kwetu, ile ya kibofu na ile ya utumbo. Baadaye viwanda vingine, vikiongozwa na Korea Kusini, vikapata njia ya kuitengeneza kwa bei nafuu, na ikawa ya bei ya chini kabisa.

Hapo ndipo wakosoaji hushika. Wanasema kampuni inagawa kitu ambacho haki yake ya uvumbuzi imeshakwisha, kitu cha bei ya pipi, halafu inajivunia. Mwaka 2012 Merck yenyewe ilikadiria thamani ya msaada wake kuwa kama dola milioni 23 kwa mwaka, kwa vidonge milioni 250. Ukigawanya ni senti 9 za dola kwa kidonge. Mtoto wa kawaida akimeza viwili na nusu, ni senti 22 au 23 tu.

Mimi sikubaliani na lawama hiyo. Dawa ilikuwa rahisi tangu zamani, na bado watoto hawakuipata. Mei 2001 nchi zote wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliahidi kwamba kufikia 2010 angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari wangekuwa wanatibiwa mara kwa mara. Ahadi ikatolewa, vidonge havikuwepo. Aliyekihitaji kidonge alikuwa mtoto wa mvuvi asiye na hela, na hakuna kiwanda kinachozalisha kwa ajili ya mteja asiyelipa. Mwaka 2007 Merck iliahidi vidonge milioni 200 kwa miaka 10. Mwaka 2012 ikapandisha mpaka milioni 250 kwa kila mwaka, vya kutosha watoto wapatao milioni 100, na ikasema haitaacha mpaka ugonjwa utokomezwe.

Hilo neno la kutoacha lina uzito kuliko hesabu ya dola. Tumezoea msaada wa kampuni unaokuja na kamera: madawati 50 yenye nembo mgongoni, hundi ya kadibodi ndefu kuliko mtoto anayeishika, mkuu wa wilaya, keki, kwaheri. Mwalimu mkuu hawezi kupanga chochote juu ya msaada wa namna hiyo, maana hajui kama utarudi. Msaada usio na tarehe ya mwisho unairuhusu wizara kuandika mpango wa miaka mitano na kuuamini.

Na kwa nini shuleni? Kwa sababu ndiko watoto waliko, na kwa sababu wao ndio wanaobeba minyoo mingi kuliko rika lolote. Wanaogelea, wanavua, wanachota maji, wanachunga. Kichocho hakiui haraka. Kinamnyonya mtoto damu kidogo kidogo, kinamdumaza, kinamfanya asinzie darasani, na wa kibofu anakojoa damu, jambo ambalo katika baadhi ya vijiji vya wavuvi wavulana wameliona ni sehemu ya kukua tu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Busia, Kenya, kuanzia 1998 katika shule 75, ambapo watoto walipewa dawa za minyoo na prazikwanteli pale kichocho kilipokithiri, uliona utoro ukipungua kwa kama robo. Mmoja wa watafiti wake, Michael Kremer, baadaye alishinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Takwimu zile zimebishaniwa sana tangu hapo, hasa mwaka 2015 zilipochambuliwa upya, na sitaamua ugomvi wa wataalamu. Inanitosha kwamba mtoto asiyekojoa damu ni afadhali kuliko anayekojoa damu, hata kama alama zake za hisabati hazikupanda.

Sasa tukifuate kidonge safari yake. Nchi inajaza fomu na kuituma Shirika la Afya Duniani miezi mingi kabla. Vidonge vinatoka kiwandani, Merck ilianza kuvitengeneza kwenye kiwanda chake cha Mexico, vinapanda meli, vinafika bandarini. Mpaka hapo ni bure. Kuanzia hapo kila hatua ina mwenye kulipa: kuvitoa bandarini, ghala, gari la mkoani, mafuta ya kwenda halmashauri, semina ya siku moja ya walimu, posho, fimbo, rejista, spika ya kutangaza kijijini. Katika nchi nyingi gharama hizo hazilipwi na kampuni wala, kwa sehemu kubwa, na serikali. Zimekuwa zikilipwa na wafadhili wengine, Marekani na Uingereza zikitangulia.

Ndiyo maana mwaka 2021, Uingereza ilipokatisha mpango wake mkubwa wa kichocho na magonjwa mengine ya namna yake, baadhi ya dawa za msaada zilikuwa hatarini kuisha muda zikiwa ghalani. Na mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu zilizotegemea fedha za USAID zilikatika katikati ya mwaka wa kazi na kampeni za ugawaji dawa zikaahirishwa. Vidonge vilibaki kuwa vya bure. Kilichokosekana ni mafuta ya gari.

Lakini hilo ni tatizo la bajeti, na matatizo ya bajeti yanajulikana. Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni dogo kuliko hilo.

Mwaka 2008 mkoani Morogoro zoezi la kuwapa wanafunzi dawa za kichocho na minyoo liliishia kwenye fujo. Watoto walimeza, baadhi wakaanza kutapika, wengine wakashikwa na tumbo na kizunguzungu. Habari ikapita mtaani kwa kasi kuliko gari lolote la halmashauri. Ikasemwa dawa si salama. Ikasemwa ni mbinu ya kuwafunga watoto kizazi. Wazazi wakakimbilia shuleni, walimu walioshika makopo ya dawa wakajikuta ndio washtakiwa, polisi wakaitwa, na zoezi likasimamishwa mkoani. Utafiti wa kianthropolojia uliochapishwa 2016 ulirudi kuwasikiliza wazazi na walimu wa huko, na ukaonyesha kwamba wale watu hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walikuwa wameulizwa kuamini jambo ambalo hakuna aliyekaa nao kuwaeleza.

Nani alilipia makopo ya siku ile hainihusu hapa. Dawa ni ileile, na madhara yake ni yaleyale popote inapotolewa. Prazikwanteli ikimezwa na tumbo tupu inachafua: kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu, kutapika. Ikimezwa na aliyeshiba inatulia zaidi. Na kuna jambo jingine la ukatili kidogo. Minyoo ikiwa mingi, inapokufa kwa pamoja ndani ya mishipa mtoto hushtuka zaidi. Kwa hiyo anayezidiwa pale uwanjani mara nyingi ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote, ndiye dawa inayomsaidia kuliko wote. Mama anayemwona mwanawe akijikunja chini ya mwembe hana namna ya kujua hilo. Anaona mtoto aliyetoka nyumbani mzima.

Basi mwongozo unasema watoto wale kwanza. Wale nini? Shule nyingi za msingi za vijijini Tanzania, chakula ni makande au uji unaotokana na michango ya wazazi: debe la mahindi, mzigo wa kuni, hela ya mpishi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, chakula kimebaki juu ya wazazi, na mwalimu mkuu anaogopa hata kulitamka neno mchango asije akaambiwa anakiuka waraka. Siku ya kingatiba anafanya analoweza. Anawaambia watoto waje wamekula, au waje na kiporo, muhogo, chochote. Anajua wazi nani atakuja mikono mitupu. Ni yuleyule anayekuja mikono mitupu kila siku.

Nilipiga hesabu ile ya senti 22 makusudi. Mwulize mama muuza uji kikombe ni shilingi ngapi. Bei ya dozi nzima ya mtoto na bei ya kikombe cha uji hazipishani sana. Kampuni iliyoweza kuahidi dozi milioni 100 kwa mwaka mpaka ugonjwa uishe haikuahidi uji, na sidhani ilikosea: uji hautengenezwi Mexico ukasafirishwa kwa meli. Hesabu yake ndiyo inayoniudhi. Taarifa za misaada ya namna hii huhesabu vidonge vilivyotolewa, na vikishapita bilioni moja, kama vilivyopita, ni habari kubwa. Hakuna safu ya vidonge vilivyotapikwa. Hakuna safu ya mtoto aliyekificha kidonge chini ya ulimi akakitema nyuma ya choo. Uji ungekuwa sehemu ya msaada, hata kwa kuipa halmashauri hela ya unga wa siku moja kwa mwaka, zile safu mbili zingepungua zenyewe.

Na turudi kwenye fimbo.

Kuanzia sentimita 94 maana yake kwa kawaida ni mtoto aliyekwisha kupita miaka mitatu. Na kwa kuwa mgawo wenyewe ulipangiwa wa umri wa shule, miaka 5 hadi 14, mdogo wao alibaki nyumbani. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hao wadogo hawaingii ziwani, kwa hiyo hawana kichocho cha kutisha. Yeyote aliyewahi kukaa asubuhi moja kwenye mwalo wa wavuvi angecheka. Mama anafua ziwani, mtoto yuko hapo hapo. Wanaokadiria husema watoto wa chini ya miaka sita wanaohitaji tiba ni kama milioni 50.

Hapa lazima niipe Merck haki yake, kwa sababu iliona shimo lililokuwa katika msaada wake yenyewe. Mwaka 2012 ilianzisha ushirika na taasisi kadhaa, ikiwemo kampuni ya Astellas ya Japani na taasisi ya utafiti wa afya ya Uswisi iliyokuwa Basel wakati huo, kutengeneza dawa ya wadogo. Walianza na kemia. Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ya kushoto ndiyo inayoua minyoo. Ya kulia kazi yake kubwa ni kuongeza ukubwa wa kidonge na uchungu. Kwa maneno mengine, kwa miaka 40 watoto wamekuwa wakitafuna nusu isiyo na faida. Wakaitenga ile ya kushoto, wakaiita arprazikwanteli, wakaifanya kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka katika maji na kinachostahimili joto la zahanati isiyo na friji.

Jaribio la mwisho lilifanyika kati ya 2019 na 2021 nchini Ivory Coast na Kenya, huku Kenya likiwa Homa Bay, chini ya taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, kwa watoto 288 wa miezi mitatu hadi miaka sita. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni chanya Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha Mei 2024, na mwaka 2025 Uganda ikaanza kuitumia kwa watoto wake. Miaka 13 tangu kuanza ushirika. Ukihesabu tangu ahadi ya kwanza ya 2007, mtoto aliyekuwa mdogo kwa fimbo wakati ule amekwisha kumaliza sekondari.

Uganda ina sababu ya kuwa na haraka. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuanza kugawa dawa hii kitaifa, mwaka 2003, na bado kuna vijiji vya Ziwa Albert ambavyo watoto wamemeza mwaka baada ya mwaka na kichocho kipo palepale. Dawa haikushindwa. Inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, haigusi michanga, na haizuii chochote. Hapa lugha yetu imetuponza: tumeiita kingatiba, na mzazi akisikia kinga anaelewa kama chanjo. Mtoto amemeza Jumanne, Jumatano yupo majini na konokono wale wale wanaoeneza kichocho, na baada ya muda anakojoa damu tena. Mzazi anasema, si walimpa kinga? Swali lake ni la haki kabisa, na mwalimu hana jibu kwa sababu neno alilopewa ndilo lililodanganya.

Wengi wangemalizia hapa kwa kusema kumbe vyoo na maji safi ndiyo dawa. Pemba na Unguja zinanizuia kusema hivyo kwa urahisi. Kati ya 2012 na 2017 ulifanyika mradi mkubwa huko uliogawa shehia, yaani vijiji na mitaa ya huko, kwa makundi: moja vidonge tu, nyingine vidonge na kuua konokono, nyingine vidonge na elimu pamoja na vijukwaa vya kufulia ili watu wasiingie mtoni. Kichocho kilishuka sana kote. Lakini shehia za vijukwaa na za konokono hazikuzishinda kwa wazi zile za vidonge peke yake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza sikulipenda. Ila ukitazama vizuri utaona tofauti moja na huku bara: vidonge vile havikuishia shuleni. Viligawiwa nyumba kwa nyumba pia, kwa wakubwa kwa wadogo, mara mbili kwa mwaka. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa Februari 2022 nao umekwenda huko, unasema pale ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 jamii nzima itibiwe, kuanzia umri wa miaka miwili.

Kwa shule moja ya kando ya ziwa, hiyo ina maana rejista ya mwalimu haitoshi tena. Mvuvi anayelala mchana hayumo. Dada aliyeacha shule akiwa darasa la sita hayumo. Mtu wa kuwafikia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye katika vijiji vingi hana mshahara, ana fulana na baiskeli, na wakati mwingine ana fulana tu.

Pale mwaloni, saa mbili asubuhi, watoto wa darasa la pili wakiwa kwenye foleni ya fimbo, mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu amekalishwa ndani ya beseni. Mama amejaza beseni maji ya ziwa ili mtoto atulie wakati yeye anafua. Anayapiga maji kwa viganja vyote viwili na kucheka, na kila yakimpungua mama anainama, anachota mengine, anamwongezea.